Mbuzi wa Kisiwani

Mwalimu wangu alinipigia simu asubuhi moja nikiwa uani kwa mama yangu, Garissa, nachambua mchele kwenye ungo. Ni mwanamke mzee mwenye adabu nyingi, hawezi kuanza mazungumzo bila kukuuliza hali ya hewa, lakini siku hiyo hali ya hewa aliiruka. Aliuliza kama bado nina hakika kuhusu yule mbuzi.

Nilimjibu kwa kiburi cha mtoto wa wafugaji. Nina hakika, nilisema. Kifupa kile nimekichezea tangu sijang'oka meno ya utoto. Sisi watoto wa Eldas, kabla familia yetu haijahamia Garissa, tulivikusanya vifupa hivyo, tukavipanga mchangani tukasema hawa ndio mbuzi wetu, tukavipeleka malishoni na kuvirudisha zizini. Mwalimu akasema sawa, kama ni mbuzi basi msimu ujao wa kuchimba hautakuwepo, na akaniaga kwa sauti ndogo.

Inafaa nieleze huyo mbuzi alikuwa amefanya nini. Mimi ni mwanafunzi wa akiolojia, na kwa bahati ambayo mpaka leo sijaielewa vizuri, nasomea watu wa kwanza kwenda kuishi kwenye visiwa vya mbali vya Pasifiki. Karibu miaka elfu tatu iliyopita walipakia watoto, vyungu, miche ya magimbi na ndizi, kuku, mbwa, na mnyama mmoja ambaye mama yangu hataki atajwe sinia likiwa mbele, wakatweka matanga na kuelekea mashariki kwenye maji ambayo hakuna aliyewahi kuyavuka. Hawakuacha maandishi. Waliacha vigae vya vyungu vyenye nakshi za nukta ndogondogo zilizogongwa kwa kitu chenye meno, na waliacha taka za jikoni. Kazi yetu ni kuchokora jikoni mwao.

Mwalimu wangu amezeeka akitafuta mahali pamoja tu: ufuko ambapo walishusha mizigo siku za mwanzo kabisa katika kisiwa kimoja, kabla hawajajua hata kama kuna maji ya kunywa. Mwaka jana aliamini amepaona. Chini kabisa ya shimo letu kulikuwa na majivu, vigae vyenye nakshi, magamba ya kasa, na mifupa midogo. Mtaalamu wa mifupa alikuwa ameugua akarudi kwao, na mimi, ambaye chuoni nilijikita kwenye vyungu, nikainua mkono. Nikasema wanyama nawajua. Katika mifupa ile kulikuwa na kifupa cha kifundo cha mguu wa nyuma, kidogo, cha mnyama mchanga. Mvua ilikuwa inakuja, sikufikiri mbali, nikaandika: mbuzi.

Ubaya ni kwamba mbuzi hakusafiri na watu wale. Mbuzi alifika visiwani juzi juzi tu, kwa meli za Wazungu. Ukimkuta chini, amelala na majivu ya watu wa kwanza, maana yake ni kwamba udongo umevurugwa. Na wa kuuvuruga wapo, kaa wakubwa wa nchi kavu wanaochimba mashimo marefu na kuporomosha vitu vya leo hadi kwa mababu. Mbuzi mmoja akikubalika, kila kilicholala naye kinatiliwa shaka, na ufuko wa mwalimu unageuka kuwa ufuko kama fuko nyingine. Hakuna atakayegharamia kuchimba pahali palipokwisha kuchimbwa na kaa.

Simu ilipokatika, mama aliuliza kuna nini. Nyumbani tunazungumza Kisomali, na maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili kadiri yanavyokubali. Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa na mwiko mkononi, na badala ya kunipa pole aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo akiwa mbuzi, hurudi kule?"

"Sirudi. Hatutakuwa na pa kurudi."

"Mbuzi ni mbuzi," alisema, akaingia jikoni kwa hatua nyepesi kuliko alizotokea nazo.

Simlaumu. Kwetu mtu hasafiri bila dua ya mzazi, na dua ya safari ya kwanza niliipata kwa taabu. Abti, yaani mjomba wangu, ambaye hufundisha watoto Kurani mtaani kwetu, ndiye aliyemlainisha. Mama hakuogopa bahari wala ndege. Aliogopa niliyokuwa nayaendea: miezi kwa watu nisiowajua, chakula nisichokijua, kufukua vilivyozikwa. Majirani nao hawakumsaidia. Walimwambia kwamba binti akienda mbali hivyo, anayerudi si yule aliyeondoka. Tangu nirudi alikuwa ananichunguza kama mtu anayekagua mnyama sokoni. Alinusa nguo zangu kabla ya kuzifua. Aliniuliza nilikula nini, nikamwambia samaki, viazi vikuu na nazi, na siku ya pili akaniuliza tena aone kama jibu ni lile lile. Nilikuwa nakasirika. Nina umri wa kutosha kuwa na watoto wangu, na hapa nilikuwa nahojiwa kuhusu chakula cha jioni cha miezi iliyopita.

Kwa hiyo sote wawili tulimtaka mbuzi awe mbuzi, kila mmoja kwa sababu yake. Mama alitaka nikae nyumbani. Mimi, nimwombe Mungu radhi, nilitaka tu kuwa sahihi. Mwalimu peke yake, huko aliko, ndiye aliyekuwa na cha kupoteza, na alikuwa ameniachia mimi nimwamulie.

Mifupa yenyewe haikuruhusiwa kutoka kisiwani, na hiyo ni haki ya wenyewe. Lakini nilikuwa na nakala zake, zilizotengenezwa kwa mashine kwa plastiki nyeupe, ukubwa ule ule, kila mkwaruzo mahali pake. Nikaamua nitafanya kazi safi. Nitatafuta miguu ya nyuma ya mbuzi wa kila umri, niichemshe, nitoe vifupa vya kifundo, nivipange kando ya nakala, nipige picha na kumtumia mwalimu. Ukweli ukiuma, angalau uume mara moja.

Mama alisema tutakwenda wote. Alijifunga shungi akatangulia, na sokoni akaniongoza moja kwa moja kwa mwanamke mmoja kutoka upande wa Mwingi anayeuza vichwa na miguu. Huko ikabidi Kiswahili, na mama, ambaye p kwake hugeuka b, akaanza yeye.

"Mama, habari yako. Nataka miguu ya mbuzi. Ya nyuma beke yake."

"Ya nyuma tu? Wacha nikuchanganyie. Supu ni ile ile."

"Si ya subu. Mtoto yangu nasoma mifuba."

"Anasomea udaktari wa wanyama?"

"Hapana. Yeye natafuta mbuzi ya zamani. Ilibotea baharini."

Yule mwanamke alinitazama kwa huruma, akatuchagulia miguu mizuri. Mama alimsimamia kwelikweli. Alitaka wa mbuzi mzee, wa jike, wa beberu, na wa wale wachanga wawili watatu, na kila mguu aliushika kwenye kifundo na kuukunja kabla ya kukubali. Sijawahi kuwa na msaidizi mwenye bidii kama ile. Njiani nilimbebea mfuko na kuona aibu kidogo, kwa sababu nilijua anafanya bidii ya nini.

Tulichemshia uani. Nilikuwa nimemwambia ni maji matupu tu, lakini nilipotoka kuswali adhuhuri nikakuta ametia chumvi, kitunguu saumu na bizari. Nilipomkemea alisema mguu wa mbuzi hauchemshwi bure, na kwamba mjomba wangu anakuja. Kweli mjomba akaja, akanywa supu ya utafiti bakuli zima, akasifu. Mifupa ilitoka ya manjano. Nikaiosha kwa sabuni, nikaipangusa, na nikavipanga vifupa kwenye sinia kwa umri, mkubwa hadi mdogo. Mwisho wa safu nikaweka ile nakala nyeupe.

Kifupa hiki, kwa asiyekijua, kina mabonde mawili, moja juu na moja chini, yanayoteleza mguu unapokunjwa. Kwa mbuzi mabonde hayo yamelingana. Ukikisimamisha kifupa cha mbuzi, juu na chini vinatazama upande mmoja. Nilivitazama vya manjano vyote: vimenyooka. Nikaitazama nakala. Juu ilikuwa inanitazama mimi, na chini ilikuwa imegeukia ukutani.

Niligeuza upande wa pili. Nikabadilisha na kifupa cha mguu wa kushoto. Nikailaumu mashine iliyotengeneza nakala, nikafungua picha za mfupa wenyewe kwenye simu, na mfupa wenyewe ulikuwa umepinda vile vile. Nikachukua cha mbuzi mchanga zaidi, labda utoto ndio unaopindisha. Kimenyooka. Niliketi pale nikiwa na hasira na mnyama aliyekufa miaka elfu tatu iliyopita kwa kutotaka kuwa nilivyosema.

Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi nilikuwa nimekaa gizani mchana kweupe. Kwa nini sikufikiri mapema? Orodha ya wanyama wa watu wale naijua kwa moyo: kuku, mbwa, nguruwe. Neno nimeliandika mara nyingi katika kazi zangu za chuo. Mnyama mwenyewe sikuwa namjua kabisa. Garissa ningemwona wapi? Na hata kisiwani, mwalimu kwa wema wake alinitafutia makazi katika kijiji cha waumini wa kanisa lisilokula nguruwe, ili nisihangaike na vyungu vya watu. Wale wenyeji wangu na mimi tulielewana sana katika hilo. Nguruwe niliwaona mara moja tu, wakivuka barabara ya kijiji cha jirani, nami nikafanya nilivyofundishwa tangu utoto. Niligeuza uso.

Nikatafuta kwenye simu picha ya kifundo cha nguruwe. Hata kuandika lile neno chini ya paa la mama nilisita. Picha ikafunguka polepole, bando lilikuwa linaisha, na kilipotokea kilikuwa ndicho. Kile kile, kimepinda vile vile.

Kwanza niliona aibu. Halafu aibu ikasukumwa kando na kitu kikubwa zaidi. Hakuna mbuzi. Hakuna kaa aliyeporomosha chochote. Majivu ni yao, vigae ni vyao, magamba ni yao, na huyu nguruwe mchanga alishuka nao chomboni au alizaliwa muda mfupi baada ya kufika. Nilijikuta nimesema alhamdulillahi kwa sauti, kwa sababu ya nguruwe, uani kwa mama yangu.

Nikampigia mwalimu. Nilimwambia bila kuzunguka: nimekosea, si mbuzi, ni nguruwe. Nikasikia mlango, kisha upepo, kisha akaniambia ametoka nje na amekaa kwenye ngazi za nyumba yake.

"Una hakika?" aliuliza.

"Safari hii nina mbuzi wengi mbele yangu," nilisema, "na hakuna hata mmoja anayefanana naye."

Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amebana pumzi kwa wiki nzima. Alisema kumbe ufuko wake upo. Alisema upo na una nguruwe, na kwamba kuna watu watabishana naye kuhusu huyo nguruwe mpaka wachoke, na anawasubiri kwa hamu. Hakunilaumu hata neno. Aliuliza tu kama nitarudi msimu ujao, na alipokuwa anasubiri jibu ndipo nilipomwona mama amesimama mlangoni mwa jikoni.

Nilimwambia mwalimu nitampigia baadaye.

"Hooyo," nilisema, ndivyo tunavyomwita mama, "yule si mbuzi."

"Ni nini?"

Nikamwambia. Mama aliweka chini bakuli, akaja, akaokota koleo la makaa, akaibana ile nakala na kuiondoa kwenye sinia lake. Nilimwambia ni plastiki. Alisema ni plastiki ya nguruwe. Aliiweka juu ya ukuta, mbali na kamba ya nguo, na kwa muda tukaitazama wote wawili, nyeupe, inang'aa juani, haina habari.

Hapo ndipo nilipokumbuka ulimi. Katika kazi yetu, chini ya shimo, kipande cha mfupa na kipande cha tumbawe vikiwa vimejaa udongo havitofautiani kwa macho. Njia ya haraka ni kugusisha kipande kwenye ncha ya ulimi. Mfupa wa zamani unanata, jiwe halinati. Kila mchimbaji hufanya, na kile kifupa mimi mwenyewe ndiye niliyekitoa udongoni. Kilinata vizuri sana.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mama alikuwa amesimama pale na koleo, na nilikuwa nimechoka kuchunguzwa, nikamwambia na hilo. Hakupiga kelele. Alivaa viatu akaenda nyumba ya tatu kumwita mjomba aliyekuwa amelala usingizi wa supu.

Mjomba alikuja akipikicha macho, akauliza maswali yake taratibu. Nilijua ni kitu gani? Sikujua. Mfupa ulikuwa mkavu, maana kavu kwa kavu najisi haihami?

"Ulimi si mkavu," mama alidakia, na nikafahamu ubishi wangu nimeurithi wapi.

Mjomba alitabasamu. Alisema aliyekosea bila kujua hana dhambi, na kama roho ya mama inataka kutulia, nisukutue mara saba, mara moja kwa maji yenye udongo, kisha tusiendelee na wasiwasi, kwa sababu wasiwasi una mwenyewe na si mwema. Akarudi kulala. Mama akachukua udongo safi chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, akauchekecha kwa kitambaa cha chai, akaukoroga kwenye kikombe. Nilisukutua naye akihesabu. Miezi nimechimba udongo wa watu, na sasa wa kwetu ulikuwa unakwaruza kwenye meno.

Nilipomaliza nilingoja maneno yake. Nilikuwa nimemrudishia kila alichokiogopa, tena mdomoni. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa si nilikuambia, na nilikuwa nimejiandaa kujibu. Mama alikaa kwenye kigoda. Alijifunika mdomo kwa ncha ya shungi, na nikadhani analia, mpaka mabega yalipoanza kutikisika.

"Umekaa kule muda wote huo," alisema, "na hukumjua?"

"Sikumjua."

"Hata kwa sura?"

"Niliwaona barabarani siku moja. Niligeuza uso."

"Uligeuza uso," alirudia mama. Akacheka mpaka akakohoa, akajipangusa machozi, akaita jirani juu ya ukuta. Akamweleza kwamba binti yake amefika mwisho wa dunia, amekaa na wasiojulikana, amerudi na elimu yake yote, na nguruwe akiwekwa mbele yake anasema huyu ni mbuzi. Alilisema kwa majivuno. Chuoni kosa hili litanifuata kwa miaka, wenzangu watanitania nalo kila mkutano. Uani kwetu lilikuwa sifa, na nilimsikia mama akimwambia jirani mara ya pili ili lisipotee neno. Nikaelewa hofu yake ilikuwa kubwa kiasi gani, kwa kuona jinsi ilivyokuwa inamtoka. Nilimsogelea nikakaa chini, nikaegemea goti lake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nirudi, na alinishika kichwa akiendelea kuzungumza na jirani.

Jirani alipoondoka, mifupa ya manjano bado ilikuwa kwenye sinia.

"Hao watu wako," mama aliuliza, "waliondoka na watoto. Na mama zao waliwaacha nyuma?"

"Wengine waliwaacha."

"Walirudi kuwaona?"

Hilo ni swali ambalo wenye vitabu wanalibishania, lakini sikumjibu kwa vitabu. Nilimwambia kwamba katika shimo letu tulikuta kipande cha jiwe jeusi linalong'aa, la volkano, ambalo kisiwani pale halipo. Linatoka walikotoka. Mahali pengine mawe hayo yanaonekana kwa muda mrefu baada ya siku za kwanza, kwa hiyo njia haikufungwa. Kulikuwa na watu wanaokwenda na kurudi.

"Basi walirudi," alisema.

"Walirudi, hooyo."

Aliinuka, akamwaga maji ya udongo kwenye shina la mwarobaini, akakisuuza kikombe kwa makini mno. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Aliporudi aliinua viganja akaniombea dua ya safari, yote, ndefu, bila kuombwa na mjomba wala mtu yeyote, nami nikaitikia amina hadi mwisho.

"Nenda," alisema. "Lakini safari hii usigeuze uso. Mtazame vizuri huyo mnyama, miguu yote, mbele na nyuma. Yule mama mwalimu ni mzee, usimtie tena presha. Kumtazama si kumla."